Pampu "isiyotumika": vifaa vya akiba vya usalama viwandani na hatari ya kuviondoa

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani Pap Onditi, nimekaa kwenye benchi nje ya duka la pembejeo, nikisubiri mvua ipungue nivuke barabara. Kijana wa jirani yangu akanijia, akanisalimu kwa heshima, akakaa mwisho wa benchi. Ana miezi saba tangu apate kazi ya usaidizi wa boila katika kiwanda kimoja. Kiwanda sitakitaja, na kijana pia sitamtaja.

"Jaduong'," akaniambia, "nina swali la kazi. Wewe ulikaa na boila miaka mingi."

Swali lenyewe lilikuwa hili. Kila mwisho wa shifti yeye hujaza karatasi ya ukaguzi. Mstari wa sita wa karatasi hiyo unauliza kama pampu ya pili ya maji ya boila iko tayari. Pampu hiyo ilifunguliwa mwezi wa tatu, vipande vyake vikatiwa kwenye mtambo mwingine, na ganda lililobaki likaondoka na lori la vyuma chakavu. Msimamizi wake amemwambia aendelee kutia alama ya "ndiyo", maana karatasi yenye mapengo huleta maswali.

"Nitie alama, ama nisitie?"

Nilimjibu, na jibu nitalieleza. Lakini nimeona swali hili si la kijana mmoja wa Nyakach. Wasomaji wa tovuti hii wengi mnaishi Changamwe, Miritini, Mariakani, Mtwapa, mahali ambapo viwanda na maghala ya mafuta yamepakana na nyumba. Kwa hiyo naandika kwa kirefu, ili mwenye ndugu kiwandani apate pa kurejelea.

Kwa wasioijua, Pap Onditi ndiyo makao makuu ya kaunti ndogo ya Nyakach, Kaunti ya Kisumu, kwenye uwanda wa chini upande wa ziwa. Ukiinua macho unaona mwinuko wa Nyabondo. Kituo cha umeme wa maji cha Sondu-Miriu, cha megawati 60, kiko huku huku kwetu. Kiwanda kikubwa chetu wenyewe hatuna. Vijana wetu huvuka kwenda Kisumu, Kibos, Chemelil na Muhoroni, kwenye sukari na molasi. Ndiko na mimi nilikoanzia, kabla ya kuteremka Mombasa na kumalizia miaka yangu ya kazi huko.

Kifaa cha akiba ni kipi

Kiwandani kuna vifaa vya aina mbili vinavyoitwa vya akiba, na mkanganyiko wote huanzia hapo.

Aina ya kwanza ni akiba ya uzalishaji. Una mikanda mitatu ya kubebea miwa, mmoja ukikatika unatumia iliyobaki. Ukiuuza mmoja, hasara yake ni kazi kusimama. Hiyo ni hesabu ya mwenye mali, aifanye apendavyo.

Aina ya pili ni akiba ya ulinzi: vali ya pili ya usalama, geji ya pili, pampu ya pili inayotumia nguvu nyingine, king'ora kinacholia maji yakishuka, tangi linaloachwa tupu makusudi. Vifaa hivi havizalishi hata gunia moja. Kazi yake ni kukaa. Mtu akipita na daftari la hesabu ataandika "haijatumika miaka minne", na atakuwa amesema kweli. Ila kukaa miaka minne bila kuitwa ndiko kulikotarajiwa. Mtungi wa kuzima moto ulio ukutani pako nao haujatumika.

Wahandisi huvipanga vifaa hivi kama ngozi za kitunguu, moja nyuma ya nyingine, kwa kuwa wanajua kila ngozi ina tundu lake. Vali hukwama. Geji huziba kwa chumvi. Mfanyakazi husinzia saa tisa usiku. Usalama unatokana na matundu hayo kutokuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ukitoa ngozi moja, kesho hakuna kitakachotokea, na kesho kutwa hivyo hivyo. Hapo ndipo mtu hujiona alikuwa na akili.

Boila ya makapi ya miwa

Nitaeleza boila ya kiwanda cha sukari kwa sababu ndiyo niijuayo, na kwa sababu inaonyesha vizuri kwa nini pampu ya pili iko pale.

Miwa ikishakamuliwa, makapi yake huingizwa kwenye tanuru na kuchomwa. Moto huo huchemsha maji ndani ya mabomba, mvuke unatoka kwa presha kubwa, unazungusha tabo, na tabo inazalisha umeme wa kiwanda kizima. Mvuke uliochoka unapelekwa kupika sukari. Ni mpangilio mzuri, kiwanda kinajilisha kwa takataka zake.

Sasa angalia mduara uliomo. Boila inahitaji maji muda wote. Maji yanasukumwa na pampu ya umeme. Umeme unatoka kwenye tabo. Tabo inazungushwa na mvuke wa boila ile ile. Tabo ikisimama ghafla, umeme unakatika, pampu inakufa, lakini moto haufi. Makapi yaliyoko ndani yataendelea kuwaka, maana moto wa makapi huwezi kuufunga kwa swichi kama jiko la gesi. Mvuke hauna pa kwenda, presha inapanda, vali za usalama zinafunguka na kupuliza nje, na kila zinapopuliza maji yanazidi kupungua.

Maji yakishuka chini ya mabomba, chuma kinaiva na kulegea, kisha kinapasuka. Maji yakigeuka mvuke huru hutanuka zaidi ya mara 1,600. Ndiyo maana boila iliyopasuka haivuji, inaruka.

Kwa hiyo waliotutangulia waliweka pampu ya pili isiyotegemea umeme hata kidogo, pampu inayoendeshwa na mvuke wenyewe. Mvuke uliobaki ndani ya boila unatosha kuisukuma kwa muda wa kuuzima moto. Hiyo ndiyo pampu ya mstari wa sita. Kuiita "spea" ni kuikosea jina.

Karibu nayo kuna wenzake. Vali za usalama ni mbili, moja ikikwama nyingine ifunguke. Geji za maji, yaani vile vioo virefu vinavyoonyesha maji yako wapi, ni mbili, ili kimoja kikidanganya kingine kikisute. Boila nyingi za zamani zina pia kizibo cha madini laini ambacho huyeyuka chuma kikizidi joto, mvuke ukamwagika juu ya moto. Kipo na king'ora cha maji kushuka. Hivi vyote ukivihesabu pamoja havifiki bei ya gari moja la meneja.

Usiku wangu mmoja

Mwaka sitautaja, wala kiwanda. Wakati huo wakulima walikuwa wanadai malipo ya miwa ya msimu mzima, na sisi wenyewe mishahara ilikuwa nyuma miezi mitatu. Naeleza hayo ili isionekane kwamba waliokata gharama walikuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliobanwa.

Kulitoka orodha ya "vifaa visivyofanya kazi". Pampu yetu ya mvuke ilikuwamo. Mafundi wakaifungua, beringi zikaenda kuokoa pampu ya maji ya kusafishia, gavana yake ikaenda sijui wapi. King'ora cha maji kilikuwa kimeshakatwa waya mwaka mmoja kabla, kwa kuwa kililia ovyo. Nacho kililia ovyo kwa sababu hakuna aliyekisafisha. Kioo cha pili cha maji kilifungwa kwa kuwa koki yake ilivuja na koki mpya haikununuliwa. Kila jambo lilikuwa na sababu yake, na kila sababu ukiisikia peke yake ungeitikia.

Usiku mmoja, saa mbili na kitu, tabo ikasimama. Giza. Jenereta ya dizeli ikakataa kuwaka, betri imekufa. Pampu ya umeme kimya. Tukasikia vali za usalama zikianza kupuliza juu ya paa, sauti ambayo aliyeisikia gizani haisahau. Nikamulika tochi kwenye kioo. Kilikuwa kitupu.

Kitupu maana yake nini? Ama maji yamekwisha kweli, ama kioo kimeziba. Kioo cha pili ndicho kingejibu, nacho kilikuwa kimefungwa.

Tulikuwa wanne. Tukafungua milango ya tanuru tuvute moto nje kwa reki. Feni ya kuvuta moshi ilikuwa imesimama pamoja na umeme, kwa hiyo moto haukuwa na njia ya bomba la moshi. Ulirudi mlangoni. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa mbele. Mikono yote miwili, hadi juu ya viwiko.

Jenereta ilipowaka hatimaye, mmoja wetu akakimbilia swichi ya pampu. Mzee aliyekuwa kiongozi wa shifti akapiga ukelele ambao sikuwahi kumsikia nao: "Wacha! Usitie maji!" Maji baridi juu ya mabomba yaliyoiva ndiyo mlipuko wenyewe. Tukaacha boila ipoe yenyewe. Siku ya tatu tulipoingia ndani, mabomba kadhaa yalikuwa yamepinda kama mkeka uliokunjwa. Hayakupasuka. Kwa nini hayakupasuka, mimi sina maelezo ya kifundi ya kuridhisha.

Kiwanda kilisimama siku tisa, miwa ikakaukia uwanjani. Ripoti iliandikwa "hitilafu ya umeme". Pampu ya mvuke haikutajwa popote, kwa kuwa kwenye karatasi za ukaguzi za kila shifti, pamoja na zile zenye sahihi yangu, ilikuwa tayari siku zote.

Rafiki yangu siku hizi anauza samaki ufukweni Kusa. Hupanga samaki kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, viwili havikunjiki.

Wapo ambao hawakupata bahati yetu. Tarehe 23 Mei 2024, kwenye kiwanda cha sukari cha Mtibwa, mkoani Morogoro, mlipuko uliohusu mitambo ya mvuke uliua watu 11. Sisemi kuna kifaa kilichoondolewa pale. Nautaja ili anayedhani mvuke ni moshi mweupe tu ajue ni kitu gani tunacholindana nacho.

Bhopal, ngozi kwa ngozi

Mfano ulioandikwa kwa kina kuliko mingine yote duniani ni wa Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984. Ni vyema kuufuata pole pole, maana huwa unasimuliwa kama ajali ya gesi tu, na mambo ya muhimu yanaachwa.

Kiwanda kilikuwa cha dawa za kuua wadudu, mali ya Union Carbide India, kampuni ambayo zaidi ya nusu ya hisa zake zilikuwa za Union Carbide ya Marekani. Biashara ilikuwa imeporomoka, dawa haziuzwi, kiwanda kinaleta hasara. Ndani yake kulikuwa na matangi ya kimiminika kiitwacho methili isosayaneti, sumu kali inayochemka ikikutana na maji. Usiku ule maji yaliingia kwenye tangi namba 610, lililokuwa na tani 40 hivi.

Waliojenga kiwanda walijua hilo linaweza kutokea. Waliweka mtambo wa kupooza tangi, ili hata maji yakiingia mambo yaende taratibu. Mtambo huo ulikuwa umezimwa tangu Juni 1984. Waliweka mnara wa kuosha gesi kwa magadi makali kabla haijatoka nje. Mnara huo ulikuwa umewekwa kando, kwa hoja kwamba kiwanda hakizalishi kwa wakati ule. Waliweka mnara wa kuichoma gesi itakayopita. Kipande cha bomba la mnara huo kilikuwa kimeliwa na kutu, kikatolewa, na kipya hakijawekwa. Waliweka tangi la akiba la kuhamishia sumu, linalotakiwa kuwa tupu. Halikuwa tupu. Walikuwapo na watu wa mipira ya maji, lakini maji hayakufika juu gesi ilikotokea.

Na watu wenyewe walikuwa wamepunguzwa. Kikosi cha kitengo kile kilikatwa kutoka 12 hadi sita kwa shifti, na nafasi ya msimamizi wa matengenezo wa usiku ikafutwa.

Kampuni ilishikilia kwamba maji yalitiwa makusudi na mfanyakazi mwenye kinyongo. Wengine wanasema yaliingia wakati wa kuosha mabomba. Mabishano hayo hayajaisha hadi leo, na kwa maoni yangu yanawasaidia zaidi wanaotaka tusiangalie upande wa pili. Maji yawe yaliingia kwa ubaya au kwa uzembe, vile vizuizi vinne au vitano viliwekwa kwa ajili ya usiku ambao maji yangeingia. Havikuulizwa nani kayatia. Havikuwapo.

Serikali ya jimbo la Madhya Pradesh ilithibitisha vifo 3,787. Walionusurika na watetezi wao wanataja idadi kubwa zaidi ya hiyo, na waliodhurika ni zaidi ya nusu milioni. Waliokufa wengi hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda. Walikuwa wakazi wa vibanda vilivyopakana na ukuta, wamelala. Mwaka 1989 kampuni ililipa dola milioni 470 kumaliza madai.

Mimi huwa nafikiria hasa lile bomba lililoondolewa kwa kutu. Hakuna aliyefuta mnara wa kuchomea gesi. Hakuna kikao kilichoamua Bhopal ikae bila mnara. Kilitolewa kipande tu, kitarudishwa. Pampu yetu ya mvuke nayo ilikuwa "itarudishwa".

Hoja ya mhasibu

Nimwonee haki mhasibu, maana ana hoja.

Kwanza, si kila kifaa cha pili ni kinga. Nimeona kiwanda chenye ving'ora vingi hivi kwamba vikilia pamoja mtu hajui akimbilie kipi, na mwishowe anavizima vyote. Kupunguza ving'ora hapo ni kuongeza usalama. Pili, kifaa kisichotunzwa ni kibaya kuliko kutokuwapo, kwa kuwa watu wanakitegemea. Tatu, kiwanda kikifungwa kwa hasara, wakulima na wafanyakazi wanakula nini? Huku kwetu hilo si swali la kinadharia. Miwani, kiwanda cha sukari cha kwanza Kenya, kilichoanza 1922, kimebaki magofu na mashauri ya mahakamani. Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari, pamoja na Chemelil na Muhoroni, kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30. Mwekezaji yeyote, popote, akiingia atatafuta pa kukata, na ni haki yake.

Sibishi kukata. Nabishana na njia ya kukata. Kifaa cha ulinzi kinaweza kuondolewa kama mtu mwenye ujuzi ameandika: kilikuwa kinazuia nini, sasa nini kitazuia jambo hilo, na nani ameweka sahihi. Kama ni kwa muda, tarehe ya kurudi iandikwe, na hadi siku hiyo mtambo ushushwe presha au usimame. Meneja asiyetaka kuweka sahihi yake chini ya maneno hayo amekwisha kukujibu kuhusu umuhimu wa kifaa hicho.

Kuna na akiba ya uongo, ambayo humdanganya hata mwenye nia njema. Pampu mbili zinazotumia waya mmoja wa umeme ni pampu moja. Mwaka 2011 kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, Japani, kilikuwa na jenereta za dharura 13. Nyingi zilikuwa sehemu za chini, na mawimbi ya bahari yakazizamisha karibu zote kwa mara moja, pamoja na swichi zake. Hapa nyumbani, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika nchi nzima, jenereta iliyotakiwa kuwaka kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haikuwaka, na abiria wakakaa gizani hadi waziri wa uchukuzi akaomba radhi. Sisi wa uwanda wa Kano, ambao mto Nyando hututembelea bila kubisha hodi, tunapaswa kuangalia jenereta za viwanda na hospitali zetu zimewekwa urefu gani kutoka ardhini. Nimeziona kadhaa ambazo mbuzi anaweza kuzipanda bila kuruka.

Anayelipa yuko nje ya ukuta

Pwani mnalijua hili kuliko sisi. Owino Uhuru, hapo Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza 2007 na kufungwa 2014. Risasi ilikuwa imeshaingia kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Uamuzi ukapinduliwa kwenye rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Kesi ile haikuhusu kifaa cha akiba, ilihusu moshi na maji machafu. Lakini hesabu ni ile ile: kiasi ambacho kiwanda hakikutumia kuzuia sumu kililipwa na familia ambazo hazikuwa na hisa hata moja.

Nairobi pia, tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka mitambo ya Kenya Pipeline yaliingia kwenye mtaro na kushuka hadi mtaa wa Sinai, yakawaka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Hawakuwa na kadi ya kuingilia kiwandani.

Sheria inasema nini

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, chini ya kurugenzi ya usalama na afya kazini katika wizara ya kazi. Nitataja yale tu ambayo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuyashika.

Boila lazima iwe na vali ya usalama, geji ya presha, geji ya maji na kinga ya maji kushuka, na lazima ikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa. Mwenye kiwanda lazima afanyiwe ukaguzi kamili wa usalama angalau mara moja kila miezi 12. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, na ndani yake wawemo wawakilishi wa wafanyakazi. Ni kosa kwa mtu yeyote kuharibu au kuchezea kwa makusudi kifaa kilichowekwa kwa usalama. Mfanyakazi anayeona hatari kubwa ana wajibu wa kumwarifu msimamizi wake, na mwajiri haruhusiwi kumfukuza au kumbagua kwa sababu tu amelalamika kuhusu usalama.

Sheria hiyo ni nzuri. Wakaguzi ni wachache, viwanda ni vingi, na mkaguzi mwenyewe akija huanza kwa kuomba karatasi. Ndiyo maana karatasi ya kijana yule ina uzito kuliko anavyodhani yeye na msimamizi wake. Mkaguzi hataweza kuona kitu ambacho hakipo kama kila shifti imeandika kipo.

Nilichomwambia

Mvua ilikuwa imepungua, lakini hatukuinuka.

Nilimwambia asitie alama ya "ndiyo". Nilimwambia pia asigombane na mtu, wala asipige kelele kwenye geti. Aandike kwa mkono safi: "Hapana. Imeondolewa," na mwezi ilipoondolewa, kisha atie sahihi yake na saa. Kabla ya kuikabidhi karatasi, aipige picha kwa simu. Amtafute mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kamati ya usalama na amwambie ana kwa ana. Na kila akiingia shifti, kazi yake ya kwanza iwe kupuliza vioo vyote viwili vya maji ahakikishe havijaziba, kisha aulize betri ya jenereta ilijaribiwa lini.

"Na wakinifukuza, jaduong'?"

Hapo sikuwa na jibu la haraka. Ana mke na mtoto wa mwaka mmoja, na mama yake anamtegemea. Sheria inamlinda, ila sheria haiji kwako mwisho wa mwezi na unga. Nilimwambia kweli kwamba mimi, katika umri wake, nilitia sahihi. Nikamsimulia habari za mikono ya rafiki yangu, ambaye yeye humjua kama muuza samaki tu. Akanyamaza kwa muda mrefu, akaniaga.

Jana jioni alinipigia simu kutoka kazini. Jumatatu aliandika "Hapana". Msimamizi hakumsemesha siku mbili. Kisha karatasi yake ilirudi mezani kutoka ofisini, mstari wa sita umezungushwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni mtu ambaye hamjui mwandiko wake ameandika: "Nani aliidhinisha?"